Siku ya Kuchomoa Kijiti

Leo nina jambo la wanawake, lakini baba uliye karibu na redio usiondoke. Linakuhusu, na mbele kidogo nitakueleza kwa nini.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeanza, nilipanda kitanda cha chumba cha uzazi wa mpango nikanyoosha mkono wa kushoto. Nesi akanichoma ganzi, akapasua kidogo, akakivuta kijiti kilichokaa chini ya ngozi yangu kwa karibu miaka mitatu. Ni kitu kidogo, kinalingana na njiti ya kiberiti. Akanifunga bandeji, akaniambia nisipaloweshe kwa siku mbili tatu, akaita anayefuata. Nikateremka kitandani kabla sijamaliza kushusha mkono wa gauni.

Simlaumu. Foleni ilikuwa ndefu, na akina mama wenye watoto mgongoni walikuwa pale tangu asubuhi. Ila nilipokuwa narudi nyumbani nilikumbuka siku ya kukiweka. Siku ile tulikaa kwenye benchi tukaonyeshwa vidonge, sindano, kitanzi na kijiti, tukaelezwa uzuri na kero za kila kimoja, tukaulizwa: una presha? Kichwa kinakusumbua? Unanyonyesha? Siku ya kukitoa hapakuwa na swali hata moja. Hakuna aliyetaka kujua nilikiweka kwa ajili gani.

Angeniuliza, ningemwambia kwamba sikukiweka ili nisizae. Nilikiweka ili niweze kusimama.

Nina ugonjwa unaoitwa endometriosisi. Jina ni refu na Kiswahili hakijaupa jina lake, ndiyo maana wengi tunaishi nao bila kuutaja. Nitaueleza kama nilivyoelezwa mimi. Ndani ya mfuko wa uzazi kuna utando ambao kila mwezi hunenepa ukingojea mimba. Mimba isipotunga, utando ule hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Kwa mwenye endometriosisi, vinyama vinavyofanana na utando huo huota nje ya mfuko: kwenye vifuko vya mayai, kwenye mirija, nyuma ya mfuko wenyewe, hata kwenye utumbo na kibofu. Navyo huitikia homoni za kila mwezi, huvimba, huvuja damu. Lakini damu hiyo haina mlango wa kutokea. Hubaki humo humo ikichoma, na baadaye huacha makovu yanayoweza kugandisha kiungo kimoja na kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila wanawake kumi walio kwenye umri wa kuzaa, mmoja anao. Ni watu wapatao milioni 190 duniani. Darasa lenye wasichana 40, hesabu hiyo inakupa wanne. Dawa ya kuumaliza kabisa bado haijapatikana.

Wasichana hao wanne mwalimu anawajua, ila hajui kwamba anawajua. Ni wale wanaolaza kichwa kwenye dawati kila mwezi, wanaoomba ruhusa ya kwenda chooni na kukawia, wanaoandikwa watoro. Mimi nilikuwa mmoja wao. Bibi yangu alisema ni chango, akanichemshia mizizi, na sitamsema vibaya bibi, kwa sababu yeye angalau aliamini kwamba naumwa. Wengine waliniambia, "Ukizaa itaisha." Maneno hayo yamewaingiza wasichana wangapi kwenye ndoa kabla hawajamaliza shule? Ni kweli mimba huweza kutuliza maumivu kwa kuwa hedhi imesimama, na kunyonyesha hivyo hivyo. Hedhi ikirudi, wengi wetu hurudi nayo pale pale. Mtoto hazaliwi ili awe dozi ya mama yake.

Kwenye vituo vya afya niliandikiwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kisha PID, maambukizi ya viungo vya uzazi, kisha UTI tena. Nimemeza antibiotiki mpaka mdomo ukakosa ladha. Msidhani ni huku milimani tu. Marekani kwenyewe, kwa miaka mingi, madaktari walifundishwa kwamba huu ni ugonjwa wa wanawake wa Kizungu wenye nafasi zao. Mwaka 1976 daktari mmoja, Donald Chatman, akachapisha aliyoyaona: wanawake weusi waliokuwa wameambiwa wana PID, alipowatazama tumboni kwa kamera, baadhi yao aliwakuta na endometriosisi. Walikuwa wakitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Nilipompata daktari aliyenisikiliza nilikuwa nimeshapita miaka 25. Aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Maumivu huanza siku ngapi kabla ya damu? Unaumia wakati wa tendo la ndoa? Ukienda haja kubwa siku za hedhi unaumia? Nilijibu nikilia, si kwa maumivu, kwa kuulizwa. Akasema dawa tutakayoanza nayo ni ileile ya uzazi wa mpango. Homoni iliyomo huufanya ule utando ubaki mwembamba, hedhi ikapungua au ikasimama, na vile vinyama vya nje vikatulia. Haviondoki. Vinatulia.

Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili wengi hawalijui. Kidonge cha kwanza cha uzazi wa mpango, kiitwacho Enovid, kiliruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1957, na kiliruhusiwa kwa ajili ya matatizo ya hedhi. Ruhusa ya kukitumia kuzuia mimba ilikuja mwaka 1960. Kwa hiyo mwanamke mwenye maumivu ya hedhi hakudandia dawa ya watu. Yeye ndiye aliyetangulia kwenye foleni.

Hapa kwetu dawa hizi ziliingia kwa mlango mmoja tu, mlango wa kupanga uzazi. Chama cha UMATI, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1959, kilifundisha kuachanisha uzazi. Ikaja ile nembo ya Nyota ya Kijani kwenye kuta za zahanati. Ikaja redio, chombo hiki hiki ninachozungumzia, na mchezo wa Twende na Wakati ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ukakusanya nyumba nzima kuzunguka meza yenye redio. Kazi ile iliokoa maisha ya akina mama na nitaitetea popote. Lakini ilitubakizia neno moja tu la kuziitia dawa hizi. Vidonge, sindano, kijiti, vyote ni "uzazi wa mpango." Msichana wa miaka 17 anayemeza vidonge ili aweze kukaa darasani, mama yake akivikuta chini ya godoro, anauliza swali moja tu, nalo si "unaumwa wapi?" Mke ambaye hajazaa akionekana na kovu la kijiti mkononi, ukoo mzima unajua tayari: huyu hataki watoto wetu.

Sasa tufike kwenye siku ya kuacha.

Mwanamke anaacha kwa sababu nyingi. Anataka mtoto. Amechoshwa na damu ya matone isiyokatika, ambayo kwa wenye kijiti ni kero kubwa. Kichwa, uzito, mawazo mazito. Mume kasema. Kila sababu ni yake na ana haki nayo. Kinachoniuma ni kwamba anaacha kama anavyovua kanga, bila mtu wa kumwambia kilichofichwa chini yake. Miezi inapita, maumivu yanarudi, mimba inakawia, na kijiji kizima kinatoa hukumu: "Si tulisema? Dawa za uzazi wa mpango zimemharibu kizazi."

Nenda Irente, hapa kwetu Lushoto, asubuhi ya mwezi wa saba. Utasimama pale ukingoni na mbele yako hakuna kitu, ni ukungu mweupe tu, kama dunia imeishia miguuni pako. Saa nne hivi ukungu unapanda, na chini kabisa unaiona Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara kuu na nyika iliyolala hadi macho yanapochoka. Hakuna mtu wa Lushoto atakayesema ukungu ulipoondoka ndipo Mazinde ilipojengwa. Ilikuwepo usiku kucha. Kijiti changu kilikuwa ukungu. Ugonjwa ulikuwa chini yake miaka yote mitatu, na ulikuwepo kabla, tangu niko darasa la saba. Mwenye kuulaumu ukungu kwa kuwepo kwa Mazinde anafanya makosa mawili kwa pamoja: anawatisha wanawake wengine wasitumie dawa inayowafaa, na anamnyima huyu mgonjwa jina la ugonjwa wake.

Tena dawa hizi hazifunuki kwa namna moja. Aliyetoa kijiti au kuacha vidonge, mwili wake huweza kupevusha yai ndani ya wiki chache tu. Anaweza kushika mimba mwezi huo huo, na maumivu nayo yanaweza kurudi upesi vilevile. Sindano ya miezi mitatu ina tabia nyingine. Ile huondoka mwilini taratibu sana. Kwa wastani, anayetafuta mtoto huchukua karibu miezi tisa au kumi tangu sindano yake ya mwisho, na wapo wanaochukua zaidi. Katika miezi hiyo hedhi inaweza isionekane kabisa. Mwenye endometriosisi hujiona amepona. Anawaambia na wenzake. Kisha hedhi inarudi, na kwa kuwa sindano aliiacha zamani, hawezi kuunganisha mambo hayo mawili. Anadhani ni ugonjwa mpya, au ni mkono wa mtu.

Mimi nilitoa kijiti, kwa hiyo yangu yalikuja haraka. Mwezi wa kwanza matone tu. Mwezi wa pili nilikuwa shambani, nimeinama kwenye matuta ya kabichi, nikasikia kile kitu ninachokijua. Kinaanzia kiunoni nyuma, kinazunguka, kinashuka kwenye mapaja. Nilikaa chini kwenye udongo uliolowa nikashika jembe kama mtu aliyeshika mti. Kupanda kurudi nyumbani, njia ya dakika 20, kulinichukua zaidi ya saa.

Mama mkwe alinikuta nimejikunja kitandani na chupa ya maji ya moto. Ni mtu mwema, nasema hivi akinisikiliza. Alikaa pembeni akasema, "Mwanangu, nilikwambia vile vijiti vitakuharibu."

Nikamwambia, "Mama, maumivu haya ninayo tangu shule ya msingi."

"Mbona miaka mitatu hii sijakuona ukilia?"

"Kijiti kilikuwa kimeyashika."

Akanyamaza kidogo. "Sasa kama kilikuwa kimeyashika, umekitolea nini?"

"Kwa sababu mnataka mtoto, mama. Na mimi namtaka."

Hakujibu. Alitoka akarudi na uji, akakaa mpaka nikaumaliza. Tangu siku ile sijasikia neno "kuharibu" nyumbani kwetu.

Hilo ndilo fundo lenyewe, msikilizaji. Dawa ya homoni inayoyashika maumivu inaishika na mimba. Ukitaka mtoto, unaiweka pembeni dawa yako na kuupokea ugonjwa wako mikono mitupu, bila kujua ni kwa miezi mingapi. Wenye ugonjwa huu wengi huzaa, jambo hilo lisisahaulike, lakini wengi pia hukawia. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa kwa dakika tano za kufunga bandeji.

Mtanzania aliyelisema jambo hili hadharani kabla yetu ni Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001. Alikuwa mwanamitindo anayetembea majukwaa ya dunia huku amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara kumi kwa ajili ya endometriosisi. Akaanzisha taasisi ya kuwaelimisha wasichana, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya kimataifa ya BET kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 akajifungua mtoto wa kiume. Nikiisimulia habari yake, watu hushika sehemu ya mtoto wakaachia ile ya visu. Mimi nawaomba washike zote mbili.

Kenya walikuwa na Njambi Koikai, mtangazaji wa rege, sauti ambayo wengi wa mpakani waliijua. Kwake ugonjwa ulipanda hadi kifuani, jambo ambalo hutokea kwa wachache sana, mapafu yakawa yanasinyaa. Alitibiwa Atlanta, Marekani, akarudi nyumbani akaendelea kusema kwenye vipaza sauti yale ambayo wanawake hunong'ona. Alifariki tarehe 3 Juni 2024, akiwa na miaka 38. Siku ile niliondoka studio mapema. Sikutaka kumtisha mtu kwa kifo chake, na sasa pia sitaki. Ila najua kwamba nisingekuwa nazungumza nanyi hivi jioni ya leo kama yeye asingezungumza.

Baada ya ule mwezi wa pili nilirudi kwa daktari wangu. Tulifanya siku hiyo kile ambacho kilipaswa kufanywa kabla ya kijiti kutoka. Tulipanga. Alinipa daftari niandike siku ya damu, siku ya maumivu, na ukali wake. Dawa ya maumivu, ya jamii ya ibuprofeni, aliniambia nianze kuimeza siku moja kabla ya damu, nikiwa nimekula, badala ya kungoja niwe nimeshaanguka. Mwenye vidonda vya tumbo au presha, au anayehisi ana mimba, aulize kwanza kabla ya kununua duka la dawa. Nilimuuliza habari ya kupasuliwa. Alisema upasuaji wa matundu madogo upo kwenye hospitali kubwa kama KCMC Moshi au Muhimbili, nami nikaanza kuhesabu moyoni nauli ya kosta kushuka zile kona hadi Mombo, basi la kuendelea, na kulala ugenini. Akanituliza. Mwongozo wa madaktari bingwa wa Ulaya wa mwaka 2022, alisema, hauitaki tena kamera ya tumboni kabla mtu hajaanza kutibiwa. Dalili zako na uchunguzi vinatosha kuanzia. Na utrasaundi ikisema "hamna kitu," isikuvunje moyo. Hiyo huona uvimbe kwenye kifuko cha mayai, lakini vinyama vidogo vilivyotapakaa juu juu huvipita.

Alinionya na jambo moja ambalo nalirudia hapa kwa kila aliyeacha dawa na anatafuta mtoto. Hedhi ikikawia, kisha ukashikwa na maumivu makali upande mmoja wa tumbo, ukaona kizunguzungu au damu, usilale nyumbani ukidhani ni yale yale uliyoyazoea. Inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, nasi wenye endometriosisi tuko kwenye hatari zaidi. Tafuta gari usiku huo huo.

Na sasa, baba niliyekuomba usiondoke. Watu huambiwa wangoje mwaka mmoja kabla ya kutafuta msaada wa uzazi. Mwenye ugonjwa huu hatakiwi kungoja hivyo. Sisi tulipewa miezi sita, kwa sababu kila mwezi wa kungoja ni mwezi wa kuumia. Na kipimo kilichoandikwa cha kwanza hakikuwa changu. Kilikuwa cha mume wangu. Kupima mbegu za mwanamume hakuhitaji kisu wala ganzi, na ingekuwa dhuluma mimi niendelee kuumia bila dawa wakati tatizo huenda liko kwake. Mume wangu anapeleka mboga Dar es Salaam, karoti na kabichi kwenye fuso, wakati mwingine wiki mbili hajarudi. Tulipoketi na lile daftari tukagundua kwamba miezi miwili mfululizo siku zangu za kupata mimba zilimkuta yuko sokoni. Nilikuwa nimebeba maumivu ya miezi miwili ambayo hayakuwa na nafasi hata ndogo ya kuzaa kitu. Alilitazama daftari kwa muda mrefu. Kisha akampigia simu mwenzake wabadilishane zamu, na akaenda kupima. Majibu yalikuwa mazuri.

Ningependa wahudumu wa zahanati zetu, wa Soni, Mlalo, Bumbuli, Mtae na kwingine, waongeze swali moja tu siku ya kuchomoa kijiti au siku mwanamke anaposema sindano basi: "Ulikuwa unaitumia kwa ajili gani?" Akijibu "maumivu," basi asiachiwe aende na bandeji peke yake. Aambiwe yanaweza kurudi. Aambiwe akishindwa anaruhusiwa kurudi kwenye dawa, leo au baada ya miezi minne, bila kuonekana ameshindwa kuwa mwanamke. Mimi mwenyewe nimejiwekea mwezi wa tisa. Ikifika hapo bila kitu, tutakwenda Moshi, na kama nitahitaji kupumzika kwanza, nitarudishiwa kijiti na hakuna atakayeniuliza.

Mwezi huu siku zangu zinaangukia wiki ya kung'oa maharage. Nimeshamwambia wifi, atashika zamu yangu shambani na mimi nitabaki nyumbani kupika. Dawa ipo kabatini. Mama mkwe ndiye anayeihesabu kalenda. Jana alinipitia jikoni akaniambia zimebaki siku nne.